Mwamba Tulio Nao



Mama zangu, dada zangu, na nyote mnaoisoma safu hii pamoja na watu wa nyumbani, wiki hii nina neno juu ya bahari, na neno lenyewe lilianzia jikoni kwangu.

Ilikuwa baada ya swala ya Isha. Mwanangu wa pili, ambaye msimu wa upepo hufundisha wageni kuteleza juu ya maji kwa ubao na tiara katika ufuo ulio kati ya Malindi na Watamu, aliingia akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kama alivyokuwa akiketi utotoni anapokuwa na haja. Akanionyesha simu. Palikuwa na picha za pwani ya Australia: mifuko mikubwa ya mchanga imezamishwa baharini, na juu yake wimbi linainuka, linajikunja, na vijana wanalipanda kama mtu apandaye farasi.

“Mama,” akasema, “yuko mgeni anayesema hata kwetu yawezekana. Tukijengewa mwamba wa namna hii, mawimbi yatakuwa mazuri mwaka mzima, wageni watakuja, nasi hatutakaa bure miezi ya katikati. Kikitangazwa kikao cha kijiji, nataka wewe na akina mama wenzako mtuunge mkono.”

Nilitaka kusema ndiyo papo hapo. Mama gani hapendi mwanawe apate riziki ya halali karibu na nyumbani, badala ya kwenda Mombasa au Ghuba kutafuta kazi asiyoijua? Lakini mama yangu mzazi alikuwa mama karanga. Miaka yote aliyotulea, alikuwa akishuka dikoni alfajiri kuwangojea wavuvi, akinunua samaki, akiwakaanga na kuwauza. Ada zetu za shule zilitoka katika karai lile. Kwa hiyo nilimwambia mwanangu: “Nipe siku kadhaa. Jambo la bahari halijibiwi kwa siku moja.” Haya basi ndiyo niliyoyapata, nami nayaandika hapa kwa kuwa najua si mwanangu peke yake aliyeonyeshwa picha zile.

Tuanze na wimbi lenyewe. Wimbi la bahari kuu husafiri mbali bila kuvunjika, maadamu maji chini yake ni ya kina. Likifika mahali pa kina kifupi, miguu yake, tukiweza kuiita hivyo, hukwama chini na kichwa chake kikaendelea mbele; ndipo linapoinuka na kuanguka. Wimbi la kimo cha mita 1 huvunjika pale maji yanapobakia na kina cha mita 1 na robo hivi. Hiyo ndiyo siri nzima ya mwamba wa kutengeneza: unaiinua sakafu ya bahari mahali unapotaka, kwa mteremko uliopimwa, ili wimbi livunjike hapo na si kwingine, tena lisivunjike lote kwa mara moja, bali lifunguke taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, mwenye ubao apate njia ya kupita.

Sasa tazameni bahari yetu. Toka Kilifi kupanda hadi Watamu na Malindi, Mwenyezi Mungu ametuwekea mwamba wa matumbawe unaofuatana na pwani, pengine karibu, pengine mbali kidogo. Mawimbi ya kusi huvunjika juu ya mwamba ule, nasi tulio ufuoni huona mstari mweupe tu na kusikia ngurumo. Ndani yake maji hutulia. Hapo ndipo majani ya baharini humea, tasi wakala. Hapo ndipo watoto wetu hujifunza kuogelea. Hapo ndipo mtumbwi mdogo huweza kutoka hata siku ya upepo. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014, uliojumlisha vipimo vya miamba ya bahari mbalimbali duniani, ulionyesha kuwa miamba ya matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Kwa maneno mengine, katika kila sehemu mia za nguvu inayotujia, zinazotufikia ni kama tatu tu.

Malindi mjini hali ni tofauti, na tofauti hiyo inafundisha. Katika ghuba ya Malindi mwamba umekatika, kwani matumbawe hayapendi maji ya mto wala tope, na Mto Sabaki humwaga vyote viwili kaskazini ya mji. Ndiyo sababu wakati wa kusi mawimbi huingia moja kwa moja hadi ufuoni, na ndiyo sababu wapenda mbao hukusanyika pale. Mto huo huo umeleta mchanga mwingi hata ufuo wa mji ukapanuka, na majengo yaliyokuwa yakitazamana na maji yakajikuta yametenganishwa nayo na uwanda wa mchanga. Mwenye kutaka kuweka kitu kizito ndani ya bahari ya namna hiyo na ajue kwamba mchanga haukai kimya. Ukizuiwa hapa hujaa, na upande wa pili pwani huliwa.

Nilipofika hapo nilimwita mwanangu nikamuuliza swali moja: “Wanafunzi wako unawafundishia wapi?”

Akajibu: “Ndani ya mwamba, mama. Maji ya kiunoni, yametulia. Nje hawawezi, watavunjika.”

Nikamwambia: “Basi riziki yako hailetwi na wimbi. Huletwa na upepo na maji matulivu. Upepo hujengi wewe, na maji matulivu umejengewa tayari.”

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, na alisema kweli, kwamba wageni hodari hawataki maji matulivu. Wao hufuata mawimbi, na ndio wenye kukaa siku nyingi na kulipa zaidi. Hoja yake ina uzito, nami sikuipuuza. Niliendelea kutafuta habari za waliokwisha kujenga.

Mwamba alionionyesha kwenye simu uko Gold Coast, Australia, mahali paitwapo Narrowneck. Ulijengwa mwaka 1999 na 2000 kwa mifuko mikubwa ya kitambaa kigumu iliyojazwa mchanga. Lakini kusudi lake la kwanza halikuwa mchezo. Pwani ile ilikuwa ikiliwa na bahari, na mwamba uliwekwa kuulinda ufuo; wimbi la kuchezea lilikuwa nyongeza. Miaka ikapita, mifuko ikahitaji kutengenezwa na kuongezwa. Ni kazi ya mji wenye hazina kubwa na wahandisi wake.

Kule California, Marekani, mwaka 2000 ulijengwa mwamba mdogo huko El Segundo kwa ajili ya mawimbi hasa, kuwa fidia ya mawimbi yaliyoharibiwa na ujenzi wa kampuni ya mafuta. Haukutoa wimbi lililotarajiwa, mifuko ikachanika, na baada ya miaka michache ikabidi itolewe baharini. Uingereza, mji wa Bournemouth ulifungua mwamba wake huko Boscombe mwaka 2009, ukiwa umegharimu zaidi ya pauni milioni 3. Mwaka 2011 ulifungwa kwa sababu za usalama baada ya mifuko kuharibika, na kampuni iliyoujenga ikafilisika. Huko Mount Maunganui, New Zealand, wajenzi walianza mwaka 2005. Mwaka 2014 ukaanza kuondolewa, kwa kuwa ulizalisha mikondo ya maji iliyohatarisha waogeleaji. Yaani kitu kilichowekwa ili watu wacheze kiliwatia hatarini watoto waliokuja kuoga.

Sisemi kwamba haiwezekani kamwe. Nasema kwamba wenye fedha, wahandisi na mitambo ya kupimia wamejaribu, na aghalabu wamepata hasara. Nasi tuna jambo moja ambalo hao wengi hawana: maji yetu hupanda na kushuka sana. Bahari ya Bournemouth haifiki mita 2 baina ya maji kujaa na maji kupwa. Kwetu, siku za bamvua, hupita mita 3. Kila mama aliyewahi kwenda mwambani kuchokoa pweza analijua jambo hili kwa miguu yake: asubuhi unatembea juu ya mwamba mkavu, na baada ya saa sita pale pale pana maji ya kumzamisha mtu mrefu. Sasa rudini kwenye ile hesabu ya mita 1 na robo. Mwamba ukijengwa uwe sawasawa maji yakiwa nusu, basi yakijaa wimbi litapita juu yake bila hata kuutambua. Na yakipwa, utakuwa uko wazi kama kisiki, nao wachezaji wataangukia mawe. Wimbi zuri litapatikana saa chache tu kati ya hizo mbili, tena kwa siku zenye mawimbi. Kaskazi likivuma, bahari kuu ikiwa haijafura, hakuna mwamba unaoweza kutengeneza wimbi pasipo wimbi. Hiyo ahadi ya “mwaka mzima” haitimiziki katika maji yetu.

Tusikose lakini kumsikia mwenye kusema: mbona kuna miamba ya kutengeneza hapa hapa Kenya, na watu wanaisifu? Kweli ipo, nami naisifu pia, ila kusudi lake ni lingine.

Sote tunaukumbuka, au tumesimuliwa, mwaka 1998. Joto la bahari lilipanda, matumbawe yakageuka meupe kama chokaa, na sehemu kubwa ikafa, hata ndani ya mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilizotengwa tangu mwaka 1968. Kitu kilichokua kwa vizazi kilipotea kwa msimu mmoja, kwani yale matumbawe makubwa ya mviringo hukua takriban sentimita 1 tu kwa mwaka. Jiwe la ukubwa wa meza yako ya kulia chakula lilianza kuumbika kabla ya kuzaliwa nyanya yako.

Huko Kuruwitu, karibu na Vipingo upande wa kusini wa Kilifi, wavuvi na wazee waliona samaki wanapungua, wakaunda chama mwaka 2003. Mwaka 2005 wakatenga sehemu ya bahari ya takriban hekta 30, mtu asivue humo. Wengi walinung'unika, na haki yao kunung'unika, maana mwenye njaa leo hasubiri samaki wa kesho. Lakini walisubiri. Samaki wakarudi, wakaongezeka, wakavuka mpaka na kuingia nyavuni kwa wavuvi wa nje ya eneo lile. Mwaka 2017 kazi hiyo ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa, iitwayo Tuzo ya Ikweta. Baadaye wamekuwa wakipanda vipande vya matumbawe juu ya misingi ya kutengenezwa, mfano wa mtu anayepanda miche kitaluni. Na huko Mkwiro, kisiwani Wasini, Kaunti ya Kwale, wanakijiji wameshiriki kuzamisha fremu za chuma na maumbo ya simenti yenye chupa, yakifungiwa vipande vya matumbawe hai ili yaote.

Mwamba huu wa pili, mama zangu, haujengwi upate kuvunja wimbi. Hujengwa upate kuwa nyumba, na nyumba ina masharti yake. Ukiweka kitu chochote baharini, samaki watakikusanyikia. Hata gari bovu litawavuta. Lakini kuvuta si kuzaa. Samaki waliokuwa wametawanyika wakija kukaa mahali pamoja bila ulinzi, mwenye nyavu atawamaliza upesi zaidi kuliko awali. Kuruwitu palifanikiwa kwa sababu watu walikubaliana kujizuia kwanza. Jiwe lilikuja baadaye. Na chombo nacho kina hesabu. Huko Florida, Marekani, miaka ya 1970, walizamisha magurudumu ya magari yapatayo milioni 2 wakisema ni mwamba wa samaki. Kamba zilikatika, magurudumu yakatembea chini ya bahari yakiyaponda matumbawe yaliyo hai, na miaka mingi baadaye wapiga mbizi walikuwa bado wakiyaokota.

Kwa hiyo kikao cha kijiji kikiitishwa, hapa au penginepo, msikae nyuma mkiwaachia wanaume na wageni maneno. Bahari haina mlango wa wanaume peke yao. Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema kwamba sakafu ya bahari ni ardhi ya umma, na inaitaka serikali kuwashirikisha wananchi katika kutunza mazingira. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka mradi wa namna hii ufanyiwe tathmini ya athari zake na kupata leseni ya NEMA kabla haujaanza. Tena sehemu kubwa ya maji kati ya Malindi na Watamu imo ndani ya hifadhi inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Huko mtu hawezi kuzamisha hata tofali moja kwa idhini ya mwenye hoteli tu. Na mama karanga, kwa kuwa ni mchuuzi wa samaki, anaweza kujiandikisha katika kamati ya usimamizi wa ufuo, yaani BMU, akasema neno lake likaandikwa.

Mkifika kikaoni, ulizeni haya bila haya. Mwamba utakaa juu ya nini: mchanga mtupu, majani ya baharini, au matumbawe yaliyo hai? Nani amepima mchanga na mikondo, na amepima kusi na kaskazi pia, au amekuja wiki mbili akaondoka? Madema na nyavu vitatupwa wapi, na mtumbwi utapita njia gani usiku? Watoto wataoga wapi? Mifuko ikichanika, au simenti ikivunjika, nani atakayeiondoa, na fedha za kuiondolea zimewekwa wapi tangu leo? Swali hili la mwisho mlishikilie zaidi. Boscombe walikuwa na mji wa kubeba hasara. Sisi tutabaki na mifuko iliyochanika, na mgeni atakuwa amekwisha rudi kwao.

Wanavyuoni wetu wametufunza kwamba kuzuia madhara hutangulizwa mbele ya kutafuta manufaa. Kanuni hii hatuiweki kwa ajili ya msikitini tu. Bahari ni amana. Wengi wanakula humo ambao hawatafika kikaoni, wakiwemo ambao hawajazaliwa.

Baada ya kusema haya yote, nisimwache mwanangu mikono mitupu, kwani mzazi anayekataza bila kuonyesha njia humfukuza mtoto nyumbani. Haja yake ni ya kweli: kati ya misimu ya upepo vijana wetu hukaa miezi bila kipato. Vijana wanaojua kuogelea, kusoma upepo na kusema na wageni ndio hao hao wanaoweza kufundishwa kupiga mbizi, kupanda matumbawe, kuwaongoza wageni kutazama kasa na samaki siku ambazo tiara hailali hewani. Kuruwitu kuna wageni wanaolipa kutazama tu chini ya maji matulivu. Kazi ya namna hiyo haihitaji kusubiri kusi, na kila mwaka mtaji wake huongezeka badala ya kuchanika. Na anayetaka wimbi hasa, ghuba ya Malindi ipo; Sabaki imemjengea bila malipo.

Nilimsomea mwanangu maandishi haya kabla ya kuyapeleka. Alisikiliza hadi mwisho, akasema: “Kwa hivyo, mama, umenikatalia.”

“Sikukukatalia,” nikamwambia. “Nimekupa maswali. Mpelekee mgeni wako. Akiyajibu yote, hata lile la nani ataondoa, nitakuja kikaoni nikae mstari wa mbele, na nitawaleta na wenzangu.”

Ameyaandika katika simu ile ile aliyonionyeshea picha, akaenda nayo. Hadi naandika haya, mgeni hajajibu. Lakini jana jioni, maji yalipokupwa, mwanangu alishuka na miwani ya kupigia mbizi badala ya tiara, akarudi magharibi ikikaribia. Aliniambia kwamba karibu na mahali anapofundishia, ambapo amepita juu yake miaka minne bila kutazama chini, ameona matumbawe machanga yanaota juu ya yale yaliyokufa, kila moja ukubwa wa kikombe cha kahawa. Alinionyesha ukubwa wake kwa vidole, na vidole vyenyewe vilikuwa bado vina chumvi.

Mwenyezi Mungu awaruzuku watoto wetu riziki yenye baraka, na atuhifadhie bahari yetu. Tukutane wiki ijayo, inshallah.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.